Gambuti za Kifuani: Duka la Mtaani ama Bei ya Mtandaoni?

Tangu nianze kuweka video za kuvuna samaki, swali linalonijia sana kwenye meseji si la samaki. Hakuna anayeuliza tilapia hula nini ama neti ni ya inchi ngapi. Watu wanauliza, "Buda, hiyo nguo umevaa ni nini, na uliitoa wapi?" Halafu baada ya kuwajibu wanauliza la pili, ambalo ndilo gumu: "Mbona ununue elfu sita dukani na mtandaoni iko elfu tatu?"

Sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo naandika yote, ukiulizwa na mtu mtumie hii.

Hiyo nguo wengine huiita weda. Mimi na binamu yangu tunaiita gambuti ya kifuani, kwa sababu ndivyo ilivyo: gambuti za kawaida zilizounganishwa na suruali ya plastiki inayopanda mpaka kifuani, na mikanda miwili ya mabegani kama ovaroli ya fundi wa gari. Unaingia kwenye maji mpaka tumboni na unatoka soksi zikiwa kavu. Kama ni nzuri, lakini. Hiyo "kama" ndiyo imenifanya niandike.

Kwa wageni: nina miaka 23, niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, na tafadhali msinitumie mahubiri ya kurudi shule, mama yangu ameshayamaliza yote. Kazi yangu ni video, na video hazilipi kila mwezi. Kwa hivyo mimi, binamu yangu na jamaa mwingine tunavuna samaki wa watu kwa malipo. Tunakuja na neti, beseni na mzani, tunavuna, tunapima, tunaenda. Tukigawana, mara nyingi kila mtu anabaki na kama shilingi 700. Tuko sana Kitale na kando kando yake, na kwa sababu mama ni wa upande wa Bungoma, kazi nyingine hutoka huko kwa wajomba.

Mkijiuliza vidimbwi vyote hivi vilitoka wapi, wazee watawaambia. Mwaka wa 2009 serikali ilileta ule mpango wa kufufua uchumi, na ndani yake kulikuwa na mambo ya samaki: maeneo bunge 140, vidimbwi 200 kila moja. Piga hesabu, hiyo ni vidimbwi 28,000. Kila kimoja kilikuwa cha mita 300 za mraba na kiliwekwa vifaranga kama 1,000. Vingi vilikufa pesa ya serikali ilipoisha, na saa hii vyura wanaishi humo bila kulipa kodi. Lakini kuna watu walioshika kazi, na wengine wamechimba vyao wenyewe, hasa upande wa Bungoma ambako vifaranga unaweza kuvipata Chwele. Vidimbwi hivi vingi ni vya udongo. Chini ni tope, na tope ndiyo ofisi yetu.

Kwa nini mtu aingie na gambuti ya kifuani na mababu waliingia na kaptura? Kwanza baridi. Kitale iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Bungoma ni kama mita 1,400, na tofauti hiyo hata samaki wanaijua: tilapia wa Bungoma hukua haraka, wa Kitale hujivuta kwa sababu maji ni baridi. Sasa wewe simama kwenye hayo maji saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu mteja anataka samaki wafike sokoni kabla jua kuwaka, halafu uniambie habari za mababu.

Pili ni miiba. Tilapia ana miiba mgongoni, lakini huyo unamzoea. Kambare ndiye mwenye nia mbaya. Ana mwiba mgumu kwenye kila pezi la kifuani, kulia na kushoto, na ukimkanyaga kwenye tope anaufungua kama kisu. Binamu yangu alidungwa chini ya kifundo cha mguu mwaka jana, tukiwa kwa mteja karibu na Kiminini. Kidonda kilikuwa kidogo, hata hakikutoa damu nyingi. Siku ya tatu mguu ulikuwa kama mhogo. Sindano, dawa, wiki mbili bila kazi. Pesa aliyotumia, ukiongeza na kazi alizokosa, ingenunua gambuti ya kifuani na chenji ikabaki.

Tatu ni kichocho. Huku kwetu si kama kando ya Ziwa Victoria, lakini kidimbwi chenye magugu pembeni na konokono ni kidimbwi cha kuheshimu. Wale minyoo wakiwa wadogo hutoka kwa konokono, wanaogelea, wanapenya ngozi yako bila hata kukugongea mlango. Dawa iko, praziquantel, na inafanya kazi. Lakini dawa haikuzuii kuambukizwa tena wiki ijayo ukirudi kwenye maji yale yale na kaptura ile ile.

Ndiyo maana gambuti inayovuja si ya bei rahisi. Ni kaptura uliyolipia.

Wacha nianze na maduka. Kitale, kwenye maduka ya vifaa vya shamba, nilizunguka siku mbili. Mengi hawana kabisa. Watakuonyesha gambuti fupi na aproni ya plastiki ya kuogeshea ng'ombe, na wakuambie "hii pia itafanya". Haifanyi. Gambuti fupi kwenye kidimbwi ni ndoo mbili umejifunga miguuni. Duka moja walikuwa nazo, wakaitisha 7,500 bila hata kunitazama usoni. La mwisho ni la mama mmoja ambaye huuza sana vyakula vya kuku na mabomba ya maji. Alikuwa na jozi tatu zimening'inia nyuma, kichwa chini, miguu juu. Hapo tu nikajua huyu anaelewa, kwa sababu hivyo ndivyo zinavyotakiwa kukaa. Ukizikunja na unyevu ndani zinaoza, na mikunjo inakuwa mipasuko.

Bei yake ilikuwa 6,500. Nikasema, "Mama, mimi ni kijana wa hapa, nitakuletea wateja." Akacheka. "Kijana wangu, wateja wa maneno ninao wengi. Vaa kwanza, tuone kama inakutosha, halafu tuongee." Nikavaa juu ya jeans yangu, nikachuchumaa, nikainua mguu kama napanda ukingo wa kidimbwi. Saizi 43 ilinibana kwenye goti, 44 ikakaa. Kumbuka hicho kitu: kuchuchumaa. Gambuti ya kifuani inaweza kukutosha ukiwa umesimama na ikapasuka kwenye mapaja siku ya kwanza unapoinama kuvuta neti. Tukafika 6,000. Nikalipa 2,000 kwa M-Pesa, iliyobaki akaandika kwenye kitabu chake cha kurasa za mistari, nimalizie kwa awamu mbili. Hakuna fomu, hakuna riba, hakuna mtu wa kunipigia simu saa mbili usiku. Alichukua tu namba yangu na jina la kijiji.

Bungoma nilishapita huko kabla, nikiwa kwenye kazi nyingine. Duka liko pale mjini, mwenyewe ni mzee wa rika la mjomba wangu, na kwa sababu tulisalimiana kwa "mulembe" na nikamtajia ukoo wa mama, mimi nilikuwa namuita khocha na yeye akaniita mwana wa dada. Kwa hiyo heshima yote bei ilishuka kutoka 6,000 hadi 5,500, na chai juu. Mali ilikuwa sawa kabisa na ya Kitale, hata muhuri wa kiwandani ulikuwa ule ule. Lakini saizi yangu haikuwepo. Na hata ingekuwepo, kutoka Kitale kwenda Bungoma ni Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, halafu mpaka Kanduyi, na nauli ya kwenda na kurudi ilinitoka 700. Ukijumlisha, Bungoma inakuwa 6,200. Kwa hivyo watu wa Bungoma, nunueni Bungoma. Watu wa Kitale, msipande gari kwa sababu ya tofauti ya mia tano. Nauli ni sehemu ya bei, hata kama dereva haandiki risiti.

Sasa mtandaoni. Huko bei ni tamu, sikatai. Nimeona za 3,400, nimeona za 2,800, nimeona hata za 1,900 ambazo kwenye picha mzungu amesimama mtoni anatabasamu na samaki mkubwa mkononi. Ongeza 350 ya kuletewa, unafika kama 3,750 kwa ile ya katikati. Na wacha tuwe wakweli, kwa sababu kuna watu hapa wanapenda kuimba "nunua kwa wenyeji" kama wimbo wa taifa: gambuti ya mama wa Kitale haikutengenezwa Kitale. Imetoka China, kama ile ya mtandaoni. Hakuna mtu wa Trans Nzoia aliyeshona kitu hapo. Kwa hivyo ukiniambia ninunue dukani kwa sababu ya uzalendo, nitakucheka. Mimi nina njaa ya kawaida tu ya Kenya.

Tofauti iko kwingine. Jamaa tunayevuna naye, yule wa tatu, alinunua ya mtandaoni ya hiyo bei ya 3,750. Ilikuja kwa mfuko mdogo hadi nikashangaa, nyepesi kama koti la mvua. Kuvuna kwa kwanza, sawa. Kwa pili, sawa. Kwa tatu alisema anahisi ubaridi kwenye paja, tukamwambia ni jasho. Kwa nne maji yalikuwa yanaingia kwenye mshono wa katikati ya miguu, alitoka kwenye kidimbwi akitembea kama bata. Akaandikia muuzaji. Muuzaji akamwambia airudishe kwa gharama yake mwenyewe, na muda wa kurudisha ulikuwa siku saba tangu alipoipokea. Siku saba! Kuna wiki hatuvuni hata mara moja. Akaipeleka kwa fundi wa pancha, akapaka gundi ile ya tairi, akabandika kiraka cha tyubu. Kikatoka siku hiyo hiyo.

Na hapa nataka mnisikize vizuri, kwa sababu ni kitu kidogo kinachookoa pesa. Gambuti nyingi za bei hii si mpira, ni PVC. Gundi ya tyubu ni ya mpira, kwenye PVC haishiki. Unahitaji gundi ya PVC na kiraka cha PVC, na uso uusugue kwanza na msasa, uufute ukauke. Yangu ilianza kuvuja kwenye kifundo baada ya miezi kama miwili. Nikarudi kwa mama. Aliichukua, akaingia nayo kwenye stoo yenye giza, akawasha tochi ya simu ndani ya mguu. Kwa nje tukaona nukta moja ya mwanga, ndogo kama kichwa cha sindano. Akanitolea gundi na kiraka, shilingi 250, akanionyesha namna ya kubandika, na akanikataza kuivaa mpaka kesho yake. Kiraka hicho bado kiko.

Hesabu zangu basi. Jamaa: 3,750 kwa kuvuna mara nne, hiyo ni zaidi ya 900 kila mara, na sisi tunalipwa 700. Alikuwa analipa ili afanye kazi. Mimi: 6,000 na 250 ya kiraka, nimevuna mara 31 mpaka wiki iliyopita. Ni kama shilingi 200 kila mara, na inaendelea kushuka.

Lakini sitaki kuwadanganya. Kuna jamaa Kiminini ana ya mtandaoni, ya bei rahisi zaidi hata ya hiyo, ina mwaka na haijavuja. Tofauti ni kwamba ana kidimbwi kimoja chake, anavuna mara mbili, mara tatu kwa mwaka, na anaitunza kama suti ya harusi. Kwa mtu kama huyo sioni haja ya elfu sita. Kusema kweli sioni haja hata ya elfu tatu. Kodisha. Mimi yangu naikodisha 300 kwa siku nisipokuwa kazini, bora uirudishe imeoshwa. Ukivuna mara mbili kwa mwaka itakuchukua miaka kumi kufikia bei ya dukani.

Kuna pia njia ya fundi. Wale mafundi wa turubai wanaoshona vifuniko vya lori, nilimwendea mmoja Kitale na gambuti kuukuu, nikamuuliza kama anaweza kuziunganisha na turubai. Alisema anaweza kwa 2,500. Alikuwa mkweli akaniambia tatizo mwenyewe: kila tundu la sindano ni mlango wa maji, na pale turubai inapokutana na mpira wa gambuti ndipo hakuna gundi anayoiamini. Namheshimu huyo mtu kuliko wauzaji wengi. Siku mmoja wao akipata mashine ya kuunganisha plastiki kwa joto, mimi nitakuwa mteja wa kwanza na video nitaweka bure.

Sasa video. Hili sikutaka kuliandika lakini limeshaleta maneno nyumbani, kwa hivyo heri niliseme mwenyewe.

Mwezi uliopita muuzaji mmoja wa mtandaoni, simtaji, alinitumia jozi ya bure na kuahidi 8,000. Nilitakiwa kuvaa, kutembea kwenye ukingo wa kidimbwi, na kusema ni imara kuliko za madukani. Nikamwambia sawa, lakini nitaingia nayo majini kwanza na nitaonyesha yote, ikiwa kavu nitasema kavu. Akajibu kwamba hawahitaji sehemu ya majini. Gambuti ya kuvulia, bila sehemu ya majini. Nikaingia nayo bila kamera, nione tu. Mara ya tatu mshono ulikuwa umeanza kutoa jasho, mahali pale pale pa ile ya jamaa.

Elfu nane ni kuvuna zaidi ya mara kumi na moja. Nilikaa nayo siku mbili. Binamu yangu alisema nichukue, na alisema kwa sababu nzuri: yeye ndiye hana gambuti, yeye ndiye alidungwa, na pesa hiyo ingemnunulia za dukani siku hiyo hiyo. "Watu mtandaoni huwajui," aliniambia. "Mimi unanijua." Sikuwa na jibu la kumpiga nalo chini. Mama, ambaye kwa kawaida haelewi kazi yangu ni nini, aliuliza tu, "Na ikivuja watampigia nani simu?" Wangenipigia mimi. Nusu ya wanaoniandikia ni vijana kama sisi wanaotaka kuanza hii kazi, na 3,750 kwao ni pesa ya mwezi mzima wa kujinyima. Nikairudisha ile jozi, nauli nikalipa mimi. Binamu yangu hakunisemesha siku nne, na sisemi alikuwa na makosa.

Kitu kimoja cha usalama kabla sijasahau, kwa sababu kwenye video nimeona watu wakiiga bila huu mshipi. Funga mshipi kiunoni, juu ya gambuti, kaza. Ukiteleza ukaanguka, mshipi unapunguza maji yanayoingia miguuni. Yakijaa hayakuvuti chini kama jiwe, hiyo ni hadithi, lakini kutoka kwenye ukingo wa tope na lita zote hizo miguuni ni kazi ya kuitisha msaada. Kwa hivyo usiingie peke yako, na usiivae kwenye mto Nzoia ama bwawa usilolijua kina. Hii ni nguo ya maji ya kiunoni. Pia usiianike juani mchana kutwa, jua la Bungoma linaikausha mpaka inapasuka.

Kwa hivyo mkiniuliza: ukivuna kwa kazi, nunua mahali unapoweza kuchuchumaa nayo kabla ya kulipa na kurudi nayo ikitoboka. Kama duka la kwenu linauza 7,500 na mwenye duka hakutazami usoni, hata gundi hana, hapo huna sababu ya kumwonea huruma. Nenda mtandaoni na roho safi, ila ijaze maji siku ile ile inafika, uitundike, uone, siku saba zikiwa bado ziko.

Ya binamu yangu tumeiwekea kwa mama wa Kitale. Anavaa 45, na ilibidi iagizwe. Imeshalipwa 3,400, imebaki 2,600, imeandikwa kwenye kile kitabu cha mistari chini ya jina langu. Alhamisi tuna kidimbwi Kamukuywa, mwenyewe anasema kambare ni wengi. Mimi nitachukua upande wa kina na tope. Yeye atashika neti akiwa juu kwenye ukingo.